Maji ya Jumapili

"Fimbo hiyo iache hapa," Loth alisema.

Tajeu aliitazama fimbo yake, kisha akamtazama Loth, kama mtu aliyeombwa aache mguu mmoja nyumbani.

"Siyo ya kupigia hii. Ni ya kutembelea."

"Mimi najua, mzee wangu. Wao hawajui. Kwa maneno yanayopanda na kushuka siku hizi, Mmasai akionekana juu kule na fimbo, kengele ya kanisa italia mara ya pili. Na hiyo ya pili haitakuwa ya ibada."

Walikuwa wamesimama mwisho wa barabara ya magari, pale tambarare inapoishia na mlima unapoanza bila hodi. Nyuma yao nyika ilikuwa na rangi ya majivu mpaka Same mjini. Mbele yao kulikuwa na njia ya miguu, nyembamba, ikipotelea kwenye mihogo, na juu ya mihogo migomba, na juu ya migomba msitu mweusi uliofunikwa ukungu. Loth alikuwa Mpare wa juu huko, mtu wa makamo mwenye miguu mikavu na mdomo usiopumzika, na kazi yake ilikuwa kupandisha wageni kwenda kuona maporomoko na wanyama wa msituni. Leo alikuwa na wageni wawili: Mama Agatha, nesi aliyestaafu baada ya kuzalisha nusu ya watoto wa Gonja, na Fadhila, binti wa dada yake, anayeuza simu Same. Tajeu, mzee wa Kimasai kutoka nyikani aliyeomba kupandishwa nao, alikuwa wa tatu, na hakuwa mgeni wa kawaida.

Mama Agatha ndiye aliyemaliza shauri. Alinyoosha mkono.

"Nipe mimi. Goti langu lilikuwa linatafuta fimbo tangu jana. Mwanamke mzee na fimbo, nani atamwogopa?"

Tajeu alisita. Fimbo ya mwanamume haishikwi hovyo. Lakini alikuwa ametoka nyumbani akiwa ameapa kufika juu, na hakuapa atafikaje. Akampa.

Kilichompandisha ni maji.

Kijito cha Irema huzaliwa msituni, kwenye ukungu, na kabla hakijaporomoka kuja chini Wapare hukikamata. Wana bwawa lao la mawe na udongo, wanaliita ndiva, lililojengwa na babu za babu zao. Usiku hulifunga kwa kizibo lijae, asubuhi hulifungua, na maji huenda mashambani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa hiyo siku za kazi kinachofika chini kwa Wamasai ni maji ya kulowesha kwato tu. Lakini Jumapili Wapare hawamwagilii. Ndiva hujaa usiku wa Jumamosi, na asubuhi hakuna wa kuifungua, wote wako kanisani na suti zao. Basi maji hufurika, yakarudi kijitoni, yakaruka maporomoko, na alasiri yakafika kwenye birika la ng'ombe kule nyikani. Wamasai wanayaita maji ya Jumapili. Mkewe Tajeu, Naishorua, anaimba kwaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia kanisani ila siku za harusi. Lakini hakuna Mkristo aliyeijua Jumapili kumzidi. Ng'ombe walimwambia. Jumamosi jioni tu walikuwa wanageuza vichwa kuelekea mlimani.

Sasa Jumapili zilikuwa zinapita na maji hayafiki. Ya kwanza watu walisema mvua imechelewa. Ya pili wakanyamaza. Baadaye mtu mmoja akasema, na wote wakacheka: "Wapare wameacha kusali!" Kicheko hakikudumu. Ng'ombe walianza kulala chini na kukataa kuinuka, na lile neno la mzaha likageuka kuwa habari: Wapare wanamwagilia Jumapili. Wameiba siku ya Mungu na maji ya watu kwa pamoja.

Jana jioni vijana walikusanyika penye birika kavu. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ezekiel, mtoto wa Tajeu mwenyewe, aliyesoma mpaka kidato cha nne na mwenye pikipiki nyekundu. "Kesho yasipofika tunapanda," alisema. "Tunaivunja hiyo ndiva yao, kila mtu anywe."

Tajeu aliinuka taratibu, maana nyonga yake haipendi haraka. "Kwanza nipande mimi," alisema. "Nikione kizibo kwa macho yangu. Nikirudi nikasema wameiba, mtapanda, na mimi nitakuwa mbele. Mkipanda kabla sijarudi, mnipite nikiwa nimelala njiani."

Asubuhi Ezekiel alimpeleka kwa pikipiki hadi mwanzo wa njia. Walizunguka mbali kwa barabara kuu. "Njia ya kijitoni ina mchanga mwingi, Baba," alisema, na Tajeu aliona mtoto wake anamjali.

Kupanda mlima si kutembea. Tajeu alikuwa ametembea maisha yake yote. Aliwahi kuswaga ng'ombe mpaka Ziwa Jipe na kurudi, alilala porini na simba wakiongea karibu, lakini ardhi yote aliyoijua ilikuwa imelala. Hii ilikuwa imesimama. Makatambuga yake ya tairi yaliteleza kwenye majani mabichi, akashika mti, mti ukawa na ute. Kila kitu huku kilikuwa kimelowa, na hilo lilimuuma kuliko nyonga. Mawe yalikuwa yanatoka jasho. Hata ndevu za miti zilikuwa zinadondosha maji, na kule chini ndama wa Naishorua alikuwa analamba udongo.

"Babu, simama hapo hapo," Fadhila alisema akiinua simu. "Shuka lako na hayo majani ya kijani, rangi imetoka hatari."

"Mmekuja kuona wanyama au mmekuja kuniona mimi?"

"Vyote, babu."

"Basi mpige na huyu." Alimwonyesha Loth kwa kidevu. "Mpare anayefanya kazi Jumapili. Huyo ndiye mnyama adimu."

Loth alicheka mpaka akasimama. "Mimi nimesali ibada ya kwanza, mzee. Jogoo wa mchungaji alikuwa bado amelala. Muulize Mungu, atakwambia nilikuwa benchi la nyuma."

"Benchi la nyuma ndilo lililo karibu na mlango."

"Na mlango uko karibu na wageni," Mama Agatha alimalizia, akihema, na wote wakacheka. Lakini Tajeu alikuwa amelipata alilotaka. Kuna ibada ya kwanza. Kumbe wanasali bado. Au wengine wanasali na wengine wanafungua maji? Alilihifadhi neno hilo, akaendelea kupanda.

Msituni Loth alipunguza sauti. Aliwaonyesha kinyonga mwenye pembe, akiwa ameshika kijiti kama mlevi aliyeshika ukuta. Aliwaonyesha ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. "Huyu haonekani popote duniani ila milima yetu hii ya Upare Kusini," alisema kwa majivuno, kana kwamba alimtaga yeye. Hondohondo alipita juu ya miti, mabawa yakivuma. Kisha Loth akainua mkono, wote wakasimama.

Juu ya mti mkubwa walikaa mbega. Weusi, na manyoya meupe yakining'inia mabegani.

"Hawa wamevaa kanzu kwenda wapi?" Tajeu alinong'ona.

"Chukua darubini," Mama Agatha alisema, akamvika kamba ya darubini shingoni. "Zungusha hapa katikati mpaka wasogee."

Wakasogea. Tajeu nusura ayashike matawi kwa mkono. Alikuwa tayari kusema jambo kuhusu mnyama asiye na maziwa wala ngozi ya kulalia, lakini hakulisema. Mama mmoja alikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa mweupe mzima, kama aliyechovywa kwenye maziwa. Mtoto alijipenyeza mpaka ncha ya tawi, palipo na majani laini, tawi likaanza kuinama. Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono bila hata kumtazama, akamshika mkia, akamvuta nyuma, akaendelea kutafuna.

"Umeona?" Fadhila aliuliza.

"Nimeona," Tajeu alisema. Hakuirudisha darubini mara moja, na Mama Agatha hakuidai.

Aliisikia Irema kabla ya kuiona. Kwanza alidhani ni lori, akashangaa lori limepitaje huku. Mvumo haukupungua wala haukuongezeka, ukakaa pale pale, ndani ya kifua.

"Nini hicho?"

"Ndicho ulichokuja kukitafuta," Loth alisema.

Njia ikapinda, na maji yakawa mbele yao. Yalishuka kwenye ukuta wa jiwe jeusi kwa hatua mbili, yakavunjika katikati kama shuka lililokung'utwa, yakaangukia kwenye kidimbwi cha kijani na kutoa moshi. Fadhila alipiga yowe la furaha. Mama Agatha alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaweka miguu majini akasema, "Asante, Bwana," kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai.

Tajeu alisimama. Mtu akipanda kumtafuta mwizi hapendi kukuta ghala limejaa. Maji haya yalikuwa mengi. Yalikuwa maji ya Jumapili hasa, yale yale, na hapakuwa na mtu wala jembe kati yake na nyika isipokuwa mteremko. Alichota kwa kiganja, akanywa. Baridi ilimpanda mpaka kwenye meno yaliyobaki.

Loth alifungua chombo cha makande. Wakala. "Chakula kizuri," Tajeu alisema, "ila mnyama amesahauliwa ndani." Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye mzaha. Labda wamefungua asubuhi wakafunga sasa hivi. Labda wamesikia ninakuja. Labda kuna njia nyingine. Kila alipotupa labda moja, nyingine ilichipua.

"Nataka kuiona ndiva," alisema.

Loth aliacha kutafuna. "Mzee, wageni nimewaahidi maporomoko. Ndiva ni juu ya huu ukuta. Njia yake ni ya mbuzi, halafu ni mahali pa wazee. Huendi tu kama sokoni."

"Nimeapa kuona kizibo. Maporomoko sikuyaapia."

"Jua litatupita."

"Basi nitakwenda peke yangu, bila fimbo, nikipiga kelele kwamba mimi ni Mmasai."

Mama Agatha alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Loth, mwanangu, ulitaka kutuonyesha wanyama. Mimi sijawahi kumwona mwanamume mkaidi namna hii tangu nistaafu. Twende."

Ile njia ya mbuzi Tajeu aliipanda nusu kwa miguu, nusu kwa mikono. Katikati nyonga ilikataa kabisa. Aliushika mzizi, akaegemeza paji la uso kwenye udongo, akasubiri. Fadhila alishuka nyuma yake akamwekea bega chini ya kwapa, hata simu aliiweka mfukoni. Wakafika hivyo.

Ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Maji yalikuwa yametulia, yameshika mawingu, na upande wa chini yalivuka ukingo wa mawe kwa utepe mpana, yakarudi kijitoni. Juu ya ukuta alikaa mzee mwenye suti ya kahawia, Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani. Pembeni ya kiatu chake palikuwa na panga. Hakulishika, lakini hakulificha.

"Shikamoo, Mzee Fanueli," Loth alisema upesi. "Nimeleta wageni."

"Marahaba. Wageni nawaona. Na huyu?"

Tajeu alijibu mwenyewe. "Naitwa Tajeu. Nakunywa maji yako. Au nilikuwa nakunywa."

Mzee Fanueli alimtazama kuanzia makatambuga yenye matope hadi masikio yaliyotobolewa. "Umekuja kunishtaki?" alisema mwishowe. "Kama ni kesi, umefika kwa wenyewe. Mpare akiamka bila kesi anajiona mgonjwa."

"Kesi baadaye. Nataka kushika kizibo."

Loth alivuta pumzi. Kizibo cha ndiva hashiki mgeni. Mzee Fanueli aliushika ukingo wa ukuta akainuka, akasogea pembeni, akalisukuma panga kwa kiatu lisiwe njiani.

"Shika."

Lilikuwa gogo, limekandikwa kwa matope na majani ya mgomba. Tajeu alipiga goti. Matope yalikuwa makavu, yamepasuka nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino, na ndani ya ufa mmoja buibui alikuwa ameshatandaza kazi yake. Mfereji chini ya kizibo ulikuwa umekauka tangu jana. Aliingiza kidole, akakitoa kikavu. Hapakuwa na labda nyingine iliyobaki.

"Tangu nizaliwe," Mzee Fanueli alisema juu ya kichwa chake, "kizibo hakitoki siku ya Bwana. Hata mwaka ule tuliokula mizizi. Mashamba yalikuwa yanakauka tunayaona, na maji yanapita yanakwenda kwenu tunayaona. Baba yangu alisema, acha yaende, Jumapili siyo yetu. Sisi tulidhani mnakunywa mnashiba. Kisha tunasikia mnakuja kuvunja ukuta. Vijana wangu wamelala hapa jana. Nimewaacha kanisani nikiwaambia wasali, lakini najua wanachoimba na wanachofikiri ni vitu viwili."

Tajeu aliinuka. Akatazama utepe wa maji ukivuka ukingo. Maji yanatoka hapa. Yanaruka pale. Halafu?

Kando ya ndiva palikuwa na jiwe limejitokeza nje ya mlima kama kidevu. Alilisogelea. Nyika yote ilikuwa chini yake, hajawahi kuiona hivyo, imelala chali kama mnyama anayejiamini. Darubini ilikuwa bado shingoni. Akaiweka machoni, akazungusha katikati kama alivyofundishwa.

Mchungaji anajua kufuata unyayo, na alikifuata kijito vivyo hivyo. Kilitoka chini ya msitu kikimetameta. Kikapita mihogo, kikapita mbali kidogo na mwisho wa barabara ya magari, kikaingia nyikani, bado kinametameta, kinene, kizima. Kikafika kwenye kona. Hapo kikaisha.

Hapo palikuwa na kipande cha kijani, kimenyooka pembe zote, kama kanga iliyoanikwa juu ya majivu. Vitunguu. Tajeu alikijua kipande hicho. Alikitoa yeye kwa mdomo wake mwaka jana, akamwambia Ezekiel, "Kona hiyo ni yako, jifunze kuwa mtu." Ezekiel alimkodishia Abdulmalik, mkulima kutoka Same, wagawane mavuno, na akawaambia watu wote kwamba vitunguu vinakunywa kisima walichochimba. Ng'ombe na vitunguu havielewani, kwa hiyo tangu siku ile Tajeu alikuwa anapitisha mifugo upande mwingine, mbali, asije akamharibia mtoto shamba. Hakuna mzee wala kijana aliyekwenda kukiona kisima. Kisima cha mtoto wa Tajeu kina haja gani ya kukaguliwa?

Kwenye kona kulikuwa na mstari mweupe wa viroba vya mchanga, vimekata kijito ukingo hadi ukingo. Kando yake bwawa jipya la mraba, limetandikwa nailoni nyeusi, linang'aa. Chini ya viroba, mchanga mtupu mpaka kwenye birika. Na kwenye kivuli cha mgunga kulikuwa na pikipiki. Alizungusha katikati tena, ingawa hakuhitaji. Mtu anamjua ng'ombe wake kwa mgongo tu. Pikipiki ilikuwa nyekundu.

Jana jioni sauti ile ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Mzee umeona nini?" Loth aliuliza nyuma yake. "Tembo?"

Tajeu alivua kamba ya darubini, akamrudishia Mama Agatha kwa mikono miwili. Mama Agatha, aliyekwisha kushika mikono mingi, aliifunika mikono hiyo kwa yake kidogo kabla ya kuipokea darubini.

"Nimeona ninapokwenda," alisema. Akamgeukia Mzee Fanueli. "Vijana wako waambie wakale nyumbani. Maji yako yamefika salama mpaka kwangu. Yameishia mlangoni kwangu."

Mzee Fanueli alielewa, au alielewa ya kutosha. Hakuuliza jina. Alisema tu, "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Na mimi ninao," mzee wa suti alisema, na akaketi tena juu ya ukuta wake.

Kushuka hakukuwa na picha. Fadhila alimwonyesha kima mmoja akila uyoga, yeye akaitikia kwa kichwa tu. Walipofika mwisho wa barabara ya magari, Loth aliita, "Panda gari, mzee, tukusogeze." Tajeu alikataa. Alisema atafuata kijito.

Mama Agatha alimpa fimbo. "Imenifikisha."

"Ibaki nawe kama goti..."

"Chukua. Huko uendako utaihitaji kuliko mimi. Na usiitumie vibaya."

"Nilisema ni ya kutembelea," Tajeu alijibu.

Akatembea. Kijito kilikuwa mkono wake wa kushoto, kinaongea. Jua lilikuwa limegeuka, na joto la nyika lilimpokea kama mbwa wa nyumbani. Nyonga iliuma kila hatua, akaiacha iume. Kulikuwa na njia rahisi aliyoiona wazi kama ile ya miguu: kuwaambia vijana kwamba maji yamekauka mlimani, kwamba ukungu umekwisha, kwamba ni Mungu. Vijana wangekasirika, wangetawanyika, na kesho kimya kimya angemwambia Ezekiel atoe viroba. Hakuna ambaye angejua. Alitembea na njia hiyo kwa muda. Halafu alikumbuka kidole chake kikitoka kikavu kwenye mfereji, na yule mzee akilisukuma panga kwa kiatu, akaiacha njia hiyo kando ya mchanga.

Alisikia mashine ya kuvuta maji kabla ya kuona vitunguu. Ezekiel alikuwa amechuchumaa kando yake, shati amelivua, anafunga mpira wa maji. Aliponyanyua kichwa, usoni mwake yalipita mambo mengi kwa haraka.

"Baba! Umeshuka mapema. Nilikuwa nije nikuchukue."

"Maji yalinisindikiza."

Ezekiel alizima mashine. Upande mwingine wa viroba, mbali, penye birika, vijana walikuwa wameshakusanyika. Vichwa vyao vilionekana juu ya nyasi kavu, na fimbo zao.

"Vinakaribia kuvunwa, Baba," Ezekiel alisema chini chini. "Abdulmalik anajua ni kisima tu. Jumapili huwa Lembeni, viroba hajawahi kuvikuta. Nilisema Jumapili hii tu. Kisha nikasema hii tu. Nilitaka... Ulisema nijifunze kuwa mtu."

"Nilisema."

"Sikujua watafika mbali hivi. Hawa wenzangu."

"Ulikuwa unawaongoza."

"Ningeanza kunyamaza, wangeniuliza kwa nini nimenyamaza."

Tajeu alimtazama mtoto wake. Alikuwa mrefu, mzuri, mdomo wa Naishorua, na kwenye mkono wake wa kulia kovu la ndama aliyemburuza akiwa mdogo. Siku ile pia aling'ang'ania kamba akakataa kuiachia, mpaka ndama akachoka.

Akaingia majini na makatambuga yake. Akainama, nyonga ikalalamika, akashika kiroba cha katikati kwa masikio mawili na kukivuta. Kilikuwa kizito kama maiti. Akavuta tena. Kikatoka, na maji yakapenyeza pengoni, kwanza uzi, kisha mkanda, yakigeuka kahawia yakiubeba mchanga. Akakiburuta kiroba hadi ukingoni, akakikalia, fimbo akailaza juu ya mapaja.

Kule penye birika mtu mmoja alimwona, akapaza sauti. Kisha wengine. Vichwa vikaanza kusogea kuja huku, vyote pamoja.

"Wanakuja," Tajeu alisema. "Waambie wewe, au niwaambie mimi."

Ezekiel alishika shati lake, akaliacha. Alitazama pikipiki, akatazama vitunguu vyake vilivyosimama kijani mistari kwa mistari. Kisha akashuka majini, akainamia kiroba cha pili.

Mbele yao maji ya Jumapili yaliingia kwenye mchanga mkavu yakanywewa, yakasogea kidogo, yakanywewa, yakasogea tena. Na kule mbali, kabla ya vijana kufika, kengele za ng'ombe zilikuwa zimeanza kulia, moja, kisha nyingi, zikija kwa kasi upande wa kijito.